Mbwa wa Zizi katika Singida: Kazi Yake na Jina Lake

Katika tafsiri za vitabu vya ufugaji mbwa afanyaye kazi pamoja na mifugo huitwa mara kwa mara "mbwa mchungaji". Jina hili limechukuliwa kutoka lugha za Ulaya, nalo husomeka vizuri mpaka lipelekwe mahali ambapo mbwa afanyaye kazi na mifugo yupo kweli. Hapo huonekana kuwa na kasoro mbili. Kwanza, neno mchungaji katika Kiswahili cha leo humpeleka msikiaji moja kwa moja kwa kiongozi wa kanisa, na mfugaji akisikia habari za mbwa mchungaji hana budi kucheka kabla hajaelewa. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mbwa wa wafugaji wa Afrika ya Mashariki hachungi. Anayo kazi yake, tena kazi nzito, lakini kuchunga siyo.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo kama ifanywavyo katika Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, na kuipambanua na kazi ya mbwa wa Ulaya ambaye jina lake limeazimwa. Pia yanaonyesha kwamba upungufu wa maneno katika kamusi si jambo la wanachuoni peke yao. Mbwa asiye na jina la kazi yake huhesabiwa kuwa hana kazi, na mbwa asiye na kazi huuawa.

NENO NA JAMAA ZAKE

Mbwa ni neno la asili. Farasi aliingia katika Kiswahili pamoja na jina lake la Kiarabu, lakini shina -bwa limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na wataalamu wa lugha hizo wanalihesabu katika maneno ya Kibantu cha kale. Kwa hiyo wasemaji wa Kibantu walikuwa na mbwa wao muda mrefu kabla lugha zao hazijatengana. Kwa kuwa shina lenyewe ni la silabi moja, ukubwa wake ni jibwa, na udogo wake ni kibwa au kijibwa. Katika maneno haya matatu hapana hata moja la heshima. Jibwa ni la kutisha, kijibwa ni tusi kwa mtu atumikiaye wakubwa bila haya, na neno mbwa lenyewe, likitamkwa kwa ukali mbele ya mtu, latosha kuanzisha ugomvi.

Methali nazo zimegawanyika. Isemwapo kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini, mbwa ni mfano wa kiumbe asiyejua mpaka wake, na aliyemzoesha ndiye wa kulaumiwa. Isemwapo kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko, yeye ni mfano wa mvumilivu mwenye tumaini. Tena iko ile isemayo kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, ambayo inakubali wazi kwamba mbwa hufundishika, na kwamba tabia yake ni kivuli cha tabia ya mwenyewe.

Husemwa mara nyingi kwamba dharau hii imetokana na dini, kwa kuwa Waislamu wa pwani wafuatao madhehebu ya Shafii huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mafundisho yale yale yanayomwonya mtu asifuge mbwa bure yanawatoa katika onyo hilo mbwa wa aina tatu: wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Kurani imeruhusu kuliwa kwa windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na katika Sura ya Al-Kahf wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao aliyenyosha miguu yake kizingitini, ambaye wafasiri humwita Kitmiri. Katika Biblia nako, ambamo mbwa hutajwa zaidi kwa ubaya, Kitabu cha Ayubu katika sura ya 30 chataja mbwa wa kundi la kondoo. Kwa hiyo sheria na maandiko yalimtambua mbwa mwenye kazi. Ni mazungumzo ya mjini yaliyomsahau, kwa sababu mjini hapakuwa na kundi la kulindwa.

Hivyo ndivyo neno mbwa koko lilivyopata nguvu. Koko ni kichaka, na mbwa koko alikuwa mbwa wa vichakani, asiye na mwenyewe, alaye majalalani. Baadaye neno likapanuka likamfunika kila mbwa wa kienyeji, mwenye mwenyewe na asiye na mwenyewe, kana kwamba umbo la mbwa ndilo liamualo kama ana kwao au hana. Mbwa wa Singida alalaye mlangoni pa zizi, ajuaye kila mbuzi wa kundi lake, huitwa koko na mgeni ashukaye garini, kwa sababu tu ni mwembamba, ana manyoya mafupi ya rangi ya udongo, na mkia wake umejikunja.

VITENZI VINNE

Ili kazi ya mbwa ielezwe sawasawa yafaa kwanza vitenzi vinne vya Kiswahili vipambanuliwe: kuchunga, kuswaga, kulinda na kusaka.

Kuchunga ni kazi ya akili na madaraka. Mchunga huamua kundi liende malisho gani, linywe maji wapi na saa ngapi, lirudi lini. Hujua mnyama gani ni mgonjwa na gani ana mimba. Kazi hii haikabidhiwi mnyama. Kuswaga ni kulifukuza kundi kwa nyuma au kwa ubavuni ili liende upande utakiwao. Kulinda ni kukaa na kitu ili kisidhuriwe. Kusaka ni kutafuta na kufukuza windo.

Wachunguzi wa tabia za wanyama wameeleza kwamba mwenendo wa mbwa mwindaji ni kama mnyororo: hukaza macho, hunyatia, hukimbiza, hukamata, kisha huua na kurarua. Binadamu, kwa kuchagua mbwa wa kuzalishwa kizazi baada ya kizazi, ameukata mnyororo huo mahali mbalimbali. Mbwa wa kuswaga ameachiwa mwanzo wake, yaani kukaza macho, kunyatia na kukimbiza, lakini mwisho wake umezimwa. Kondoo humwona kama mnyama awindaye, humwogopa na kumkimbia, naye hawadhuru. Mbwa wa kulinda ni kinyume chake. Mnyororo wote umelala ndani yake. Hawakazii macho kondoo wala hawafukuzi. Huishi kati yao kama mmoja wao, na hasira yake huamka dhidi ya mgeni tu.

Mbwa wa kuswaga aliyesifika kuliko wote ni Border Collie wa mpaka wa Uingereza na Uskoti. Mashindano ya mbwa wa kondoo yalifanywa Bala, katika Wales, mwaka 1873, na mwaka 1893 alizaliwa huko Northumberland mbwa aliyeitwa Old Hemp, mali ya Adam Telfer, ambaye ndiye babu wa karibu wote wa aina hiyo. Mbwa huyu alitokana na mahitaji ya nchi yake: milima mitupu, kondoo mamia kwa mamia, na mchunga mmoja tu wa kuajiriwa. Katika Marekani wakulima walizalisha mbwa wa jamaa hiyo kwa kazi zote za shamba pamoja, awe mswagaji wa ng'ombe asubuhi, mlinzi wa kuku mchana, na mwenzi wa watoto jioni. Hata yule mbwa wa Kijerumani ajulikanaye katika miji ya Afrika ya Mashariki kama mbwa wa polisi alianza na kondoo. Max von Stephanitz alipoiandikisha aina hiyo mwaka 1899 aliita kwa jina la Kijerumani lenye maana ya mbwa wa mchunga kondoo. Ndiyo kusema, mbwa mwenye jina la malishoni yuko kituo cha polisi, na mbwa aliyeko malishoni hana jina.

NCHI YA SINGIDA

Singida ilifanywa mkoa mwaka 1963, ikitolewa katika lililokuwa Jimbo la Kati. Ni nchi ya uwanda wa juu, yenye mawe makubwa ya matale, maziwa ya maji ya chumvi, vichaka vya miiba, na mvua chache zinyeshazo kati ya Novemba na Aprili. Kaskazini-magharibi ziko mbuga za Wembere, ambako makundi hupelekwa wakati wa kiangazi. Kusini liko Pori la Akiba la Rungwa, lenye simba na chui. Na fisi yuko kila mahali.

Kwa mchunguzi wa lugha ni nchi yenye utajiri mkubwa. Wanyaturu, ambao lugha yao huitwa pia Kirimi, na Wanyiramba ni Wabantu. Wataturu na Wabarabaig husema Kidatooga, ambacho ni lugha ya Kiniloti. Wahadzabe wa upande wa Mkalama wana lugha yao isiyo na ndugu. Ng'ambo ya mipaka ya mkoa wako Wairaqw wa asili ya Kikushi na Wasandawe wenye lugha ya vidoko. Watu hawa wote wana mbwa au wanaishi jirani na wenye mbwa, na wote hukutana mnadani kwa Kiswahili.

Kati ya Wanyaturu mifugo na kilimo ni kitu kimoja. Harold K. Schneider, aliyefanya uchunguzi kwao mwaka 1959 na 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1970, alionyesha jinsi ng'ombe na nafaka vilivyofungamana. Ardhi ya huko ni hafifu, uwele na mtama huhitaji samadi, na samadi hupatikana kwa wanyama walalao nyumbani. Kwa sababu hiyo ng'ombe, mbuzi na kondoo hawakuachwa walale porini. Walirudishwa kila jioni katika tembe, nyumba ile ya miti na udongo yenye paa la bapa, ambamo watu na wanyama waligawana ua mmoja na pengine dari moja. Mali yote ya ukoo, mahari ya vijana na shibe ya mwakani ilikuwa ikihema gizani hatua chache kutoka kitandani. Mbwa wa Singida aliumbwa na hali hiyo. Yeye ni mbwa wa zizi kabla hajawa mbwa wa malisho.

KAZI YA USIKU NA YA MCHANA

Kazi yake kubwa ni ya usiku. Fisi haji kwa vita. Huja kwa kunyemelea, akitafuta pengo katika ukuta wa miiba au mbuzi aliyesahauliwa nje. Chui huja kimya kuliko fisi. Mbwa wa kienyeji, ambaye uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 10 na 20, hawezi kushindana na fisi mmoja, sembuse simba. Kwa hiyo kumpima kwa nguvu za meno yake ni kutoelewa kazi yake. Silaha yake ni pua, masikio na sauti. Yeye husikia kabla ya mtu, na kwa kubweka huondoa ile siri ambayo mwizi huitegemea. Mwenye zizi huamka, hushika mkuki au tochi, majirani hupigiana kelele, na mnyama aliyekuja kwa kunyemelea hujikuta ameonekana.

Wafugaji husikiliza kubweka huko kama lugha. Mbweko wa mgeni apitaye njiani sio mbweko wa fisi. Wa kwanza hukatika-katika, wa pili huwa wa mfululizo na mbwa hurudi nyuma kuelekea zizini huku akibweka. Mbwa anapoacha kubweka na kuanza kunguruma chini kwa chini, manyoya ya mgongo yakiwa yamesimama, jambo limekaribia. Wafugaji wazoefu husema hivi vyote kwa maneno mafupi ya lugha zao. Kiswahili cha kamusi kina kubweka, kunguruma, kulia na kidogo zaidi.

Kwamba ulinzi huu si dhana ya wafugaji tu, kumethibitishwa mahali pengine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu nchi ya mifugo ya Laikipia, Kenya, ulionyesha kwamba simba, chui na fisi huua mifugo michache zaidi pale ambapo wanyama huchungwa kwa uangalifu mchana, hulazwa ndani ya maboma usiku, na pana watu na mbwa karibu. Mbwa peke yake si kinga, wala ukuta peke yake si kinga. Kinga ni vitu hivi vikiwa pamoja.

Mchana mbwa hutoka na kundi, lakini hapa ndipo mgeni aliyesoma habari za Ulaya atashangaa. Kundi huongozwa kwa sauti ya mchunga, kwa mluzi na kwa fimbo. Mbwa hatumwi kuzunguka nyuma wala kuwarudisha waliotawanyika. Hutembea kando, hunusa vichaka, hulala kivulini wanyama wakila, na huinuka wanapohama. Mara nyingine atamfukuza sungura, na mara nyingine ataitwa kwa "Shika!" kumfukuza mbweha au nyani. Lakini akimfukuza ndama atapigwa, naye hujua.

Sababu za jambo hili ni za wazi. Mashamba ya Singida hayana ua, nayo yamekaribiana na njia za mifugo. Kundi likitishwa na kukimbia huingia katika mtama wa jirani, na kesi yake huamuliwa kwa gharama. Ng'ombe wa nundu wa kienyeji wana pembe na hawamwogopi mbwa sana. Jike mwenye ndama humwendea mbwa badala ya kumkimbia. Tena wachunga hawakuwa haba. Penye vijana watatu wa kulifuata kundi la wanyama arobaini, hapana haja ya mbwa wa kuswaga. Mahitaji hayakuwapo, na mbwa wa namna hiyo hakuzaliwa.

MALEZI NA UWENZI

Mbwa wa kulinda hafundishwi kwa amri, huzoeshwa. Wataalamu wanasema kwamba tangu wiki ya tatu hata ya kumi na mbili hivi ya maisha yake, kitoto cha mbwa huamua ni nani walio jamaa zake. Akikua katika muda huo kati ya mbuzi, mbuzi watakuwa jamaa zake, na atawatetea kama atetevyo ndugu. Akikua mbali nao, ni vigumu kumbadilisha baadaye. Wafugaji wa Uturuki waliowalea mbwa wakubwa wa Anatolia walijua hivyo kwa mazoea, na katika boma la Singida hali yenyewe hufanya kazi hiyo: mbwa huzaliwa uani, huchezewa na watoto, hukanyagwa na wana-mbuzi, na hujifunza harufu ya kila mmoja kabla hajajifunza kubweka vizuri.

Chakula chake ni ugali uliobaki, mifupa, na siku ya maziwa mengi ukoko wa chungu. Hapewi nyama mbichi ya kondoo ila kwa nadra, nayo ni hekima. Wengi ni wembamba, na wembamba huo ndio umhukumuo machoni pa wageni. Hapana budi kukiri kwamba mara nyingine ni njaa tu, na njaa humtoa mbwa zizini kwenda kutafuta mizoga. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampatie chakula, maji na matibabu, na mbwa hakutolewa katika sheria hiyo.

Majina ni sura nyingine ya uhusiano huu. Mbwa huitwa Simba, Chui au Askari, kwa kutarajiwa tabia; au Popi, Tomi na Jeki, majina yaliyokuja na Wazungu na kubaki walipokwisha kwenda. Katika sehemu nyingi za Afrika mbwa hupewa pia jina la fumbo, ambalo ni sentensi nzima iliyokusudiwa sikio la jirani. Mwenye mbwa humwita mnyama wake, na jirani hujisikia ameambiwa. Ng'ombe huitwa kwa rangi na pembe zake. Mbwa huitwa kwa jina lisemalo jambo, kama aitwavyo mtu.

Sarufi nayo ina ushuhuda wake. Jina la mnyama, ingawa ni la ngeli ya N, huchukua upatanisho wa viumbe hai katika kitenzi: mbwa amekuja, mbwa wamekuja. Lakini katika kumiliki kwa wingi husikika ng'ombe zangu na mbuzi zake, kama isemwavyo ndugu zangu na rafiki zake. Mfugaji asemaye "mbwa zangu" humweka mbwa katika safu hiyo hiyo, pamoja na mali yake na jamaa yake. Mwalimu wa sarufi humsahihisha aseme "mbwa wangu", na pengine ana haki. Lakini mchunguzi yafaa asikilize kabla ya kusahihisha.

HATARI YA JINA BAYA

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote yaletwayo na mbwa umeitwa kwa jina lake mwenyewe: kichaa cha mbwa. Dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, kufa ni karibu hakika. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa ugonjwa huu kila mwaka katika Tanzania, na wengi wao ni watoto wa vijijini. Mtu aliyeumwa hana budi kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kuchanjwa bila kukawia. Lakini kinga iliyo bora ni kumchanja mbwa mwenyewe. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi kandokando ya Serengeti umesaidia kuonyesha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa katika kampeni za kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mashirika ya afya ya dunia yameweka mwaka 2030 kuwa lengo la kutokufa tena mtu kwa kichaa kiletwacho na mbwa.

Hapa ndipo jina linapokuwa jambo la uhai. Katika miji na vijiji vingi dawa ya haraka imekuwa ni kuwaua "mbwa koko" kwa risasi au kwa sumu. Aliye mbali na mwenyewe saa ile ndiye koko. Mbwa wa zizi, ambaye hana kamba wala ukosi, na ambaye kazi yake humpeleka nje ya ua, huuawa pamoja na mzururaji. Hasara ni mara mbili. Zizi hubaki bila masikio usiku huo huo. Tena mbwa aliyekwisha kuchanjwa akiuawa, nafasi yake hujazwa na kitoto kisichochanjwa, na ile hesabu ya 70 katika 100 huporomoka. Kuua mbwa hakujaondoa kichaa mahali ambapo hakukuwa na chanjo.

Sharti isemwe pia kwamba mbwa asiyetunzwa hudhuru wanyama wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ulihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi, uliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, yaani kama theluthi moja ya wote. Kwa mkoa unaopakana na Rungwa habari hiyo si ya mbali. Nayo pia yaonyesha umuhimu wa kumjua mbwa mwenye mwenyewe, ili achanjwe.

MBWA WA KIGENI NA MBWA WA KIENYEJI

Katika Namibia shirika la kuhifadhi duma, lililoanzishwa na Laurie Marker mwaka 1990, lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wa Anatolia wawalinde mbuzi, ili wafugaji wasiwaue duma. Mpango huo ulisifiwa sana, na katika miaka ya 2010 mbwa wachache wa asili hiyo walijaribiwa kando ya Hifadhi ya Ruaha, Iringa, nchi ambayo kwa mimea na wanyama inafanana na kusini ya Singida. Mbwa hao wanao ukubwa na ushujaa, lakini mbwa mkubwa hula sana, na ndorobo na kupe humdhuru mgeni kuliko mwenyeji. Mbwa wa kienyeji hakuchaguliwa na mtu mwenye daftari. Alichaguliwa na jua, njaa, magonjwa na fisi. Waliobaki ndio wazazi wake. Mfugaji atakaye kumwendeleza angeweza kuanza kwa kuchagua vitoto vya jike ambaye hakupata kugusa mbuzi, kuviacha vikue zizini, na kuvichanja.

Haja ya kufanya hivyo inaongezeka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, na hasa tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, vijana waliokuwa wakifuata makundi wameingia darasani, na hapana asiyefurahia jambo hilo. Nyumba za bati nazo zimeenea, na pale zilipoenea zizi limejitenga na chumba cha kulala. Wachunga wamepungua mchana, na usiku masikio ya watu yamekwenda mbali na wanyama. Kazi iliyokuwa ya watatu imebaki kwa mzee mmoja na mbwa wake.

WAJIBU WA WANAKAMUSI

Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, hata kazi yake ilipoingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, Kiswahili Sanifu kimejengwa hasa juu ya lahaja ya Unguja. Msingi huo ulikuwa mwema, nao ulileta msamiati mkubwa wa bahari, biashara na dini. Lakini wasemaji wengi wa Kiswahili leo hawajapata kuvua samaki baharini, na wengi wao wamekulia karibu na zizi. Kamusi ijuayo kila kamba ya jahazi haina budi kujua pia kazi za mbwa.

Mambo matatu yangefaa. Kwanza, kiingizo cha mbwa kipambanue wazi mbwa wa zizi, alindaye. Mbwa wa kuswaga, afukuzaye kundi kwa amri. Na mbwa wa kusaka, wa msasi. Majina haya hayahitaji kuundwa. Yametokana na vitenzi vilivyopo. Pili, maana ya mbwa koko irudishwe mahali pake, kwa mbwa asiye na mwenyewe, isitumike kumaanisha mbwa wa kienyeji. Tatu, maneno ya Kinyaturu, Kinyiramba, Kidatooga na jirani zao yahusuyo mbwa, yaani miito, rangi, aina za mbweko na majina ya fumbo, yakusanywe kutoka kwa wazee wachungao sasa, maana wajukuu wao wako shuleni na huenda hawatayarithi.

Afisa wa mifugo aingiapo kijijini na sanduku la chanjo huuliza kwanza, "Mbwa huyu ni wa nani, na anafanya nini?" Swali hilo lastahili jibu la maneno machache, litakaloandikwa katika daftari bila maelezo marefu. Jibu lenyewe lipo tayari: ni mbwa wa zizi.